Na Aliyempiga Yuko Wapi?

Novemba mwaka jana nilipata kazi ya pesa. Watu fulani walitaka video fupi kuhusu dhuluma za nyumbani, ya kuposti zile Siku 16 za uanaharakati, kuanzia Novemba 25 hadi Desemba 10. Nikaita rafiki yangu mmoja, dem anayejua kuigiza. Nikampaka rangi ya zambarau chini ya jicho, nikamchorea mdomo uliopasuka, nikaweka piano ya huzuni. Anaangalia kamera, chozi moja linashuka, maandishi yanatokea: VUNJA KIMYA. Basi, kazi imeisha.

Manze, ile kitu ilienda! Kwa siku mbili simu yangu haikunyamaza. Walionilipa walifurahi, mimi nikalipa rendi.

Siku ya tatu nikaenda kununua sukuma. Mama mboga wetu alikuwa ameiona kwa simu ya mtoto wake. Akaniambia, huku anakatakata, hata kichwa hakuinua: "Ile video yako nimeona. Lakini aliyempiga yuko wapi?"

Nikacheka. Nikamwambia, mathe, hiyo si filamu, hiyo ni ya kuhamasisha watu tu.

"Sawa," akasema. "Ni vile nilidhani amejipiga."

Nilifika kejani na sukuma yangu nikakaa kitandani. Nikaiangalia tena ile video, mara nne au tano. Na kweli, mwanamume hayuko. Hata kivuli chake hakuna, hata kiatu mlangoni. Kuna mwanamke, kuna jeraha, kuna piano. Halafu kuna amri, vunja kimya, na anayeamriwa ni yeye aliyepigwa! Kama kuna kitu bado hajafanya hapa duniani, ni hicho.

Na mimi najua vizuri kwamba hawanyamazi. Nikiwa na miaka 15 tuliishi ploti ya mabati, nyumba zimeshikana kama viberiti kwa kasha. Jirani wa upande wa kushoto alikuwa anampiga mkewe, hasa mwisho wa mwezi. Yule mama hakuwa kimya. Alipiga nduru ploti nzima ikasikia, ikasikia pia ploti ya nyuma. Unajua mimi nilifanya nini? Niliongeza sauti ya woofa. Si mara moja. Ilikuwa kama zoezi, nikisikia kiti kimeanguka, mkono unaenda kwa ile swichi ya kuzungusha. Watu wazima nao walikuwa na methali yao tayari: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wote tukachukua majembe. Baadaye yule mama alihama na watoto wake usiku, na hadi leo sijui alifika wapi.

Kwa hivyo kimya kilikuwepo, ndio, lakini kilikuwa chetu. Hiyo ndiyo imenifanya nianze kuchimba historia, mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili na somo lenyewe sikulichukua. Nilitaka kujua kama sanaa imewahi kulifanya hili jambo vizuri kuniliko. Imefanya. Na ile ya kwanza niliyoipata ilikuwa imelala nyumbani kwetu miaka yote.

Nyanya yangu mzaa mama ni wa Likoni. Alikuwa na kaseti za Bi Kidude, na kuna wimbo mmoja akiusikia anaacha kuosha vyombo. Unaitwa Kijiti. Sisi watoto tulidhani ni wimbo wa kijiti, kile cha mti, na tulikuwa tunaucheza kama wa mchezo. Kumbe Kijiti ni mtu. Kumbe ni muuaji.

Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, hakuwa wa kwanza kuuimba. Wimbo ni wa Siti binti Saad. Kama hujui Siti ni nani, twende polepole, maana hapa kuna utamu. Alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, karibu mwaka 1880, kwa wazazi waliokuwa watumwa. Jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Waza hilo, mtoto anaitwa hivyo kila akitumwa dukani. Alikuwa akitembeza vyungu akiuza, na sauti yake ndiyo ilikuwa tangazo la biashara. Halafu akahamia mjini, akafundishwa muziki, akaanza kuimba taarabu. Wakati huo taarabu ilikuwa mambo ya ikulu ya Sultani, ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, lugha ya wapishi na wachukuzi. Mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay na kundi lake kurekodi santuri, na santuri hizo zikauzwa pwani yote. Ni kati ya wanawake wa kwanza kabisa Afrika Mashariki kurekodi muziki. Sisi tunajiita wabunifu wa maudhui kwa sababu tuna taa ya duara.

Sasa, wimbo wenyewe. Kisa chake kilitokea kweli, Unguja, wakati wa Waingereza. Mwanamke alitoka Dar es Salaam kwenda kutembea, mgeni tu, tena ana mimba. Mwanamume anayeitwa Kijiti akamtoa matembezini pamoja na wenzake, pombe ikawepo, na huko akamtendea unyama na kumuua. Halafu akatoroka, akavuka kwenda bara. Kesi ikafika mahakamani bila mshtakiwa. Waliokuwepo ni wanawake waliokuja kutoa ushahidi, na hao ndio jaji aliwakasirikia, hao ndio walifungwa. Muuaji yuko bara anapunga upepo, mashahidi wako jela. Hiyo ndiyo serikali iliyosema imekuja kutustaarabisha.

Siti alikuwa na njia nyingi za kuliimba hilo. Angeweza kuimba kilio cha mama, machozi, ua lililokatwa kabla ya kuchanua. Taarabu ina maneno hayo kwa gunia. Badala yake aliuanza wimbo kwa kuwaita watu watazame alichofanya Kijiti. Jina la mwanamume liko mlangoni, unaingia nalo. Katikati kuna sehemu marehemu mwenyewe anaongea na anayemuua, anamtaja kwa jina, na anasema ni kwa ajili ya kinywaji kidogo tu. Jaji naye yumo, amekaa kitini na hasira zake. Na mwishoni wimbo unamgeukia Kijiti huko alikokimbilia na kumwonya asidhani Dar es Salaam ni mahali pa kujificha, kuna watu wanamngoja, tena na dua mbaya.

Soma hapo tena. Wimbo unamfuata. Sheria ilisimama ufukweni ikashindwa kuvuka, wimbo ukavuka. Huyo mtu hata akienda arusini, kuna uwezekano watu wakaimba jina lake yeye akiwa ameshika sahani ya pilau. Wengi wa mashabiki wa Siti hawakuwa wasomaji wa magazeti, na hata wangesoma, magazeti hayakuwa yao. Wimbo ndio ulikuwa taarifa ya habari na kumbukumbu ya kesi. Karibu miaka 100 imepita. Hakuna anayejua jaji yule alipandishwa cheo au vipi. Kijiti tunamjua.

Kuna kitu kinaniuma hapo pia, siwezi kukificha. Wimbo umemweka Kijiti hadi leo, lakini yule mwanamke anabaki mgeni. Mgeni tu. Niliwahi kumuuliza nyanya kama anamjua jina, akanitazama kama nimeuliza jina la wingu. Kwa hivyo siwaambii kwamba Siti alimaliza kila kitu. Nasema alijua kamera aielekeze wapi.

Nilipoona hivyo nikaanza kuangalia sanaa nyingine kwa swali la mama mboga. Nyingi zinaanguka. Lakini kuna moja ilinishika koo, na ilibidi niende mbali kuipata, Meksiko. Frida Kahlo mnamjua, yule mchoraji mwenye nyusi zilizokutana, mnayemvaa kwa tisheti bila kujua alichora nini. Mwaka 1935 alisoma kwa gazeti habari ya mlevi aliyemdunga mpenzi wake kisu mara nyingi hadi akafa. Mahakamani jamaa alijitetea kwamba alimdunga tu vijidonda vichache. Frida akachukua bati dogo, halizidi nusu mita, akachora. Mwanamke yuko kitandani, uchi, kiatu kimoja bado mguuni, damu kila mahali. Na kando ya kitanda, amesimama, mkono mfukoni, kofia kichwani, shati lina madoa, yuko mwanamume. Hajakimbia, hajashtuka. Anaonekana kama mtu anayesubiri matatu. Juu yake kuna utepe umebebwa na njiwa, na kwenye utepe yameandikwa maneno yale yale ya mahakamani kuhusu vijidonda, na hayo ndiyo jina la mchoro. Damu Frida hakuiacha ndani ya picha, aliipaka hadi kwenye fremu. Ukitaka kuibeba ile picha, unashika damu.

Wanasema alikuwa na uchungu wake mwenyewe wakati huo, mumewe Diego Rivera alikuwa na uhusiano na dadake Frida. Ni kweli, ilitokea. Lakini mimi sipendi ukisimama hapo, kwa sababu unamfanya tena mwanamke ndiye mada. Nguvu ya ule mchoro ni kwamba alichukua utetezi wa muuaji, hakubadilisha hata herufi, akaupandisha juu watu wausome wakiwa wanaangalia kazi ya mkono wake. Hakuhitaji kubishana naye.

Nchi hiyo hiyo, mwaka 2009, msanii Elina Chauvet alipanga jozi 33 za viatu vya wanawake barabarani kule Ciudad Juárez, mji ambao wanawake walikuwa wakiuawa na kupotea tangu miaka ya 1990. Viatu vyekundu vimepangwa kama watu wanaotembea, lakini watu hawapo. Dada yake mwenyewe aliuawa na mumewe. Hiyo kazi imezunguka nchi nyingi na inaliza, siikatai. Lakini ukipita karibu na viatu unawaza waliokufa, huwazi waliobaki na viatu vyao. Labda kuomboleza ni kazi moja na kushtaki ni nyingine, na sisi huku tumejifunza ile moja tu.

Maana angalieni kwetu. Januari 27, 2024 watu walijaa barabarani Nairobi na miji mingine, maandamano makubwa kupinga mauaji ya wanawake. Mabango yale yalikuwa sanaa, acheni mtu asiwadanganye, kuna dem aliandika kwa kadibodi maneno ambayo wakala wa matangazo hangeyapata hata alipwe milioni. Februari 14 watu wakavaa nyeusi, wakashika mishumaa na waridi. Baadaye polisi wenyewe wakatoa hesabu, wanawake 97 waliuawa kwa miezi mitatu tu, Agosti hadi Oktoba 2024. Desemba 10 watu wakaandamana tena, wakapigwa vitoa machozi. Ndiyo, siku ya haki za binadamu.

Sasa fungua habari za siku yoyote ile. "Mwanamke auawa Kasarani." "Msichana apatikana amefariki." "Mwanariadha achomwa." Kiswahili chetu kina ile herufi moja ndogo, w, ukiiweka ndani ya kitenzi mtendaji anatoka kwa dirisha. Ua, uawa. Piga, pigwa. Choma, chomwa. Mwalimu wangu wa Kiswahili aliita hiyo kauli ya kutendwa, na sikujua siku moja itanikosesha usingizi. Siti alikataa hiyo w. Kwake ni Kijiti kafanya.

Najua mtaniambia nini, na nyinyi wa komenti mko tayari: na wanaume je, hawapigwi? Wanapigwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulisema asilimia 34 ya wanawake wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu wakiwa na miaka 15, na wanaume ni asilimia 27. Lakini kwa wanawake walioolewa au waliowahi kuolewa, anayetajwa zaidi ni mume au mpenzi, mtu mwenye ufunguo wa mlango. Na swali la mama mboga linafanya kazi pande zote. Kama ni mwanamume amepigwa, pia nataka kujua aliyempiga yuko wapi.

Swali gumu zaidi nililipata kwa rafiki yangu anayesoma sheria. Aliniuliza, kwa hivyo unataka tuanze kuposti majina? Msee hajashtakiwa, wewe umeshamweka uso mtandaoni? Na yuko sawa. Siti aliimba kesi ambayo mji mzima uliijua na ilikuwa imepita kortini. Sisi tuna watu wanaochukua picha ya jamaa yeyote mwenye jina linalofanana, kufika jioni ametukanwa nchi nzima, na kesho yake inajulikana ni mwalimu wa watu huko Kitale. Hiyo si Kijiti. Tena ukiharibu kesi, anayefaidika ni mshtakiwa. Kenya tuna sheria ya mwaka 2015 ya kukinga watu dhidi ya dhuluma za nyumbani, mtu anaweza kwenda kortini akapata amri ya kumkinga, na kuna namba ya bure ya simu, 1195. Hayo yatumike. Sanaa si polisi.

Lakini kati ya kumtaja kwa jina na kumfuta kabisa kuna nafasi kubwa sana. Dadangu mdogo yuko kidato cha nne na setibuku yao ya tamthilia ni Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Humo Sara anapigwa na mumewe Yona, kwanza kwa kukawia kupata mtoto, halafu kwa kuzaa wasichana. Yona ni mtu wa kutungwa, hakuna wa kumshtaki Arege. Lakini yuko pale, jukwaani, na pombe yake na maneno ya wanakijiji waliompa sababu. Maelfu ya wanafunzi wanalazimika kujibu maswali kumhusu ndiyo wapite mtihani. Nilimuuliza dadangu Yona ni mtu wa aina gani, nikidhani atanipa sifa za mhusika kama za darasani. Akaniambia, "Ni kama yule wa ploti ya zamani."

Alikuwa na miaka minane tulipokaa ile ploti. Nilidhani alikuwa amelala. Nilidhani woofa ilisaidia.

Kwa hivyo nimefanya video nyingine. Hii hakuna aliyenilipa, na wale wa kwanza nilipowaonyesha walisema haina hisia na mwathiriwa haonekani. Ni kweli haonekani. Ni dakika moja na sekunde 10. Kuna mwanamume anarudi nyumbani, ananunua mkate kwa duka, anasalimia watu vizuri, anambeba mtoto wa jirani begani. Anaingia ndani, anafunga mlango. Kamera haiingii naye. Inahama polepole hadi nyumba ya pili, kuna kijana kitandani anasoma, kitu kinaanguka ukutani, na mkono wake unaenda kwa swichi ya woofa. Muziki unapanda mpaka unaumiza masikio, kisha giza. Huyo kijana nimeigiza mimi mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine niliyeona anafaa.

Haijaenda popote. Nimeposti wiki mbili sasa na ile ya jicho la zambarau bado inaizidi mara 50. Kuna msee aliandika kwamba niweke tahadhari ya sauti. Kuna mwingine alinitumia inboksi, wanaume wawili kwa kweli, na walichosema nitakaa nacho.

Jana nikampelekea mama mboga simu aone. Akapangusa mikono kwa leso, akaishika, akaangalia hadi mwisho. Akairudisha mwanzo, akaangalia tena, na alipofika pale jamaa anambeba mtoto begani akasimamisha kwa kidole.

"Huyu namjua," akasema.

Nikamwambia ni rafiki yangu, anaishi Umoja, hawawezi kuwa wamekutana. Hakunijibu. Akanirudishia simu, akachukua kisu, akaniuliza sukuma ni ya ngapi leo.